Zege Likishamwagwa, Mkaguzi Amechelewa

Hotuba kwa wahandisi, mafundi, wakaguzi na wamiliki wa majengo. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.

Waheshimiwa viongozi, wahandisi wenzangu, mafundi, na ninyi mnaotoa fedha zenu mjengewe: asanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Jengo la ghorofa sita limekamilika. Limepigwa lipu, limepakwa rangi, madirisha yanang'aa. Nani kati yetu anaweza kusimama barabarani akatuambia nguzo za chini zina ringi ngapi, yaani zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo ndefu za nguzo? Mimi siwezi. Profesa wa miundo hawezi. Vipo vifaa vya kutafuta nondo ndani ya zege, na ni vizuri, lakini havitakuambia kama ncha ya ringi imekunjwa kuingia ndani ya nguzo au imeachwa nje. Jibu la swali hilo lilikuwa wazi kwa saa chache tu: baada ya mafundi kumaliza kufunga nondo, kabla ya zege kumwagwa. Kama hakuna aliyekagua saa zile, nafasi hiyo imepita. Ardhi ikitikisika ndipo tutajua, na tutajua kwa gharama ya watu.

Haya ndiyo yaliyonileta. Tuna kanuni nzuri za ujenzi duniani, tena nyingi. Ninachouliza ni hiki: nani anafika pale saa ile, analipwa na nani, na ana uwezo wa kusema "simamisheni"?

Kwanza tuelewane kwa nini jambo dogo kama ringi lina uzito huu.

Zege ni hodari wa kubeba mgandamizo, lakini likivutwa hukatika, ndiyo maana tunaliwekea nondo. Siku za kawaida nguzo hubeba mzigo wa kwenda chini, na hata nguzo mbovu inaweza kuubeba miaka thelathini bila kulalamika. Tetemeko ni jambo jingine. Tetemeko huisukuma nguzo upande huu, huivuta upande ule, mara nyingi, ndani ya sekunde chache. Tabaka la nje la zege hubanduka. Hapo nguzo inabaki na vitu viwili tu: kiini cha zege, na nondo ndefu zilizosimama. Na kinachovishikilia viwili hivyo pamoja ni ringi. Ringi zikiwa karibu karibu na zimefungwa sawasawa, kiini hakimwagiki, nondo hazipindi, nguzo inajeruhiwa lakini inasimama. Ringi zikiwa mbalimbali, au ncha zake zimekunjwa pembe mraba, zinafunguka mara tu lile tabaka la nje linapobanduka. Nondo zinapinda, kiini kinasagika, na sakafu inaishukia sakafu iliyo chini yake.

Tarehe 9 Februari 1971, bonde la San Fernando huko California lilitikisika. Hospitali ya Olive View ilikuwa na jengo jipya kabisa la zege la nondo, lililojengwa kwa kufuata kanuni za wakati ule. Jengo liliegemea upande mmoja kwenye ghorofa ya chini, na minara ya ngazi ikajitenga na kuanguka. Wahandisi walipoingia kukagua waliona jambo ambalo hadi leo tunawafundisha wanafunzi. Nguzo za pembeni, zilizofungwa kwa ringi za kawaida zilizoachana sana, zilikuwa zimesagika. Nguzo nyingine za ghorofa ile ile, zilizozungushiwa nondo kwa mtindo wa springi kuanzia chini hadi juu, zilikuwa zimeinama vibaya, zimebanduka, lakini bado zinabeba mzigo. Jengo ni moja, tetemeko ni moja, aina ya zege ni moja. Tofauti ilikuwa namna nondo zilivyofungwa.

Kanuni zikabadilika kwa sababu ya majengo kama lile. Leo kanuni ya zege ya Marekani, ACI 318, kwa fremu, yaani nguzo na boriti zilizounganishwa, zinazotarajiwa kupambana na matetemeko makubwa, inataka ncha ya ringi ikunjwe digrii 135 na kuingia ndani ya kiini, na mkia wake uwe angalau milimita 75. Kwenye miisho ya nguzo, juu na chini, nafasi kati ya ringi na ringi isizidi robo ya upande mfupi wa nguzo. Nguzo yako ikiwa na upande wa milimita 400, ringi zinakaa kila milimita 100 au pungufu. Eneo hilo la mwisho wa nguzo lenye ringi za karibu karibu lisiwe chini ya milimita 450, wala chini ya moja ya sita ya urefu wa nguzo. Na ringi zinaendelea hadi ndani ya kiungo, pale nguzo na boriti zinapokutana.

Mafundi, ninyi mnajua ninachokigusa. Kwenye kiungo nondo zinatoka pande nne na nyingine zinapita wima. Mkono hauingii. Kuweka ringi pale ni kazi ngumu, na hakuna atakayeiona ikimalizika. Kwa hiyo pale ndipo zinaporukwa. Nimewahi kusikia mkandarasi akisema boriti zenyewe zitakibana kiungo. Hazikibani! Tetemeko likija, kiungo kisicho na ringi hupasuka msalaba, na boriti hukosa pa kushika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mkaguzi asiyepiga magoti chini ya nguzo na kuingiza tochi ndani ya kiungo hajakagua.

Basi mkaguzi aangalie nini, na lini?

Kanuni zilizokomaa hugawa ukaguzi mara mbili. Kuna kazi ambazo mkaguzi anaweza kuja kuziona kwa vipindi, na kuna kazi ambazo lazima awepo muda wote zikiendelea. Kumwaga zege kwenye fremu za kuhimili tetemeko ni ya aina hiyo ya pili. Halafu kuna hatua za kusimama, ambapo kazi haiendelei hadi saini iwekwe. Kabla zege la msingi halijamwagwa, simama. Kabla mbao za foma hazijafunika nondo za nguzo, simama. Kabla ya boriti na sakafu, simama. Narudia neno hili kwa sababu ndilo linalopotea: simama. Simu ya kumwambia mkaguzi "njoo, tumeshamwaga, uone jinsi lilivyotoka zuri" haiwezi kuitwa ukaguzi.

Wajapani walilifikia jambo hili kwa uchungu. Tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, liliua zaidi ya watu 6,400. Wengi wao walikuwa kwenye nyumba za mbao, lakini majengo ya zege nayo yaliumia, na ilionekana wazi kwamba yale yaliyojengwa kabla ya kanuni za mwaka 1981 ndiyo yaliyoumia zaidi. Sheria ikarekebishwa mwaka 1998 na ukaguzi wa katikati ya ujenzi ukaingizwa. Kisha mwaka 2005 ikafichuka kwamba msanifu mmoja alikuwa akighushi hesabu za uimara wa majengo ya fleti na hoteli, na hesabu hizo zilikuwa zimepitishwa. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2007, hesabu za majengo makubwa hupitiwa na mtaalamu wa pili, na jengo la fleti lenye sakafu tatu au zaidi, ukihesabu ya chini, haliwezi kuendelea bila nondo za sakafu ya kwanza juu ya ardhi, na za boriti zinazoibeba, kukaguliwa zikiwa bado wazi. Angalieni jinsi sheria ilivyotaja mahali penyewe na hatua yenyewe. Sheria inayosema tu "jengo likaguliwe ipasavyo" humwachia kila mtu tafsiri yake.

Sasa nondo zimekubaliwa, lori la zege limefika. Kazi ya mkaguzi imekwisha? Ndiyo kwanza inaanza. Zege likiwa zito, vijana wanaosukuma hutaka maji. Mtu anaongeza maji, zege linateleza vizuri, kazi inakwenda haraka, kila mmoja anafurahi. Lakini kila ndoo ya maji isiyo kwenye vipimo inapunguza nguvu ya zege hilo, na upungufu huo hautaonekana kwa macho. Kwa hiyo kipimo cha slampu, yaani cha ulaini wa zege bichi, kinapimwa pale pale, lori kwa lori, na mkaguzi ana haki ya kulirudisha lori. Vipande vya majaribio vinachukuliwa kwenye zege linaloingia kwenye nguzo kweli, na fundi wa maabara huru. Kipande kilichochanganywa pembeni kwa uangalifu maalumu ili kifaulu hakitufai. Kwa kawaida nguvu ya zege huhukumiwa siku ya 28, na hapa pana mtego: siku ya 28 ghorofa nyingine inaweza kuwa imeshapanda juu. Ndiyo maana napenda vipande vya siku 7 vipimwe na matokeo yasomwe siku hiyo hiyo, ili dalili mbaya ionekane mapema.

Kuna jambo kuhusu nondo ambalo hata wahandisi wengine hulisahau. Tumezoea kuogopa nondo dhaifu. Kwenye eneo la matetemeko, nondo yenye nguvu kupita ile iliyopangiwa nayo ni hatari. Tunabuni jengo ili boriti ndizo zianze kulegea kabla ya nguzo, kwa sababu boriti ikilegea jengo linapinda, lakini nguzo ikilegea jengo linashuka. Nondo za boriti zikiwa kali kuliko tulivyohesabu, boriti hazilegei, na nguzo ndizo zinazovunjika. Kwa hiyo cheti cha kiwandani kisomwe pande zote mbili: nguvu isipungue, na isizidi kikomo. Tena nondo iwe na uwezo wa kurefuka sana kabla ya kukatika. Mwenye nyumba anayejisifu kwamba ameweka nondo kali kuliko michoro inavyosema, akidhani amejiongezea usalama, huenda ameligeuza jengo lake bila kujua.

Na wajenzi wa kuta msiondoke, hili ni lenu. Ukuta wa matofali uliojengwa nusu ya kimo kati ya nguzo mbili, ili juu pabaki dirisha pana, huifupisha ile nguzo. Sehemu yake ya juu tu ndiyo inayobaki huru kucheza, na tetemeko huikata pale pale. Shule nyingi zimeumia hivyo. Mkaguzi anayeondoka zege likishakauka, kabla ya kuta, ameiacha kazi nusu.

Naja kwenye neno gumu. Nani anamlipa mkaguzi?

Tarehe 10 Machi 1933, karibu saa kumi na mbili jioni, Long Beach, California, ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 6.4. Shule zipatazo 70 ziliharibiwa kabisa. Zilikuwa tupu, watoto wameshakwenda nyumbani. Kila mzazi wa eneo lile alilala akijiuliza: je, lingepiga asubuhi? Bunge la jimbo halikungoja. Ndani ya mwezi mmoja likapitisha sheria inayoitwa Field Act. Wengi hudhani sheria ile ilihusu kuongeza nguvu za majengo. Kwa kiasi ndiyo, lakini roho yake ni ukaguzi. Michoro ya shule ya umma inapitiwa na ofisi ya jimbo. Mkaguzi anakuwepo kwenye kazi muda wote. Analipwa na wilaya ya shule, na lazima akubaliwe na mamlaka. Mkandarasi hana mamlaka juu ya mshahara wake. Kisha msanifu, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi, kila mmoja anatia saini taarifa kwamba kazi imefuata michoro, na akisema uongo anashitakiwa. Tangu wakati huo California imepita katika matetemeko mengi makubwa, na hakuna shule iliyojengwa chini ya sheria ile iliyowaangukia watoto.

Sasa tulinganishe na Uturuki, na nasema haya kwa heshima ya marehemu. Mwezi Agosti 1999 tetemeko la İzmit liliua zaidi ya watu 17,000. Mwaka 2001 nchi ikapitisha sheria ya kampuni binafsi za ukaguzi, kwanza kwenye mikoa 19, kisha nchi nzima mwaka 2011. Kanuni za ubunifu zilikuwa nzuri. Wahandisi wa Uturuki ni hodari. Lakini kwa miaka mingi mwenye mradi ndiye aliyechagua kampuni ya kumkagua, na mara nyingi mwenye mradi na mkandarasi ni walewale. Kampuni inayokataa saini ilijua kwamba mradi unaofuata itapewa jirani yake. Ni mwaka 2019 ndipo kampuni zikaanza kupangwa kwa mfumo wa kompyuta wa wizara. Na mwaka 2018, kabla tu ya hapo, ulitolewa msamaha: majengo mengi yaliyojengwa au kuongezwa bila kibali yalihalalishwa kwa kulipa ada. Tarehe 6 Februari 2023 yakaja mapigo mawili siku moja, 7.8 alfajiri na 7.5 mchana. Zaidi ya watu 50,000 walikufa Uturuki peke yake. Mtikisiko wenyewe ulikuwa mkali mno, na mahali pengine ulizidi hata makadirio ya kanuni. Sitaki kuwabebesha wakaguzi kila kifo. Lakini majengo yaliyojengwa wakati wa kanuni mpya na bado yakaanguka yalikuwepo, na nguzo zilizofunguka ringi zilionekana kwenye vifusi.

Msamaha wa majengo ni kitu ninachokipinga kwa moyo wangu wote. Ada haiongezi ringi. Stakabadhi haizuii nondo kupinda.

Mwaka 2010 ulitupa jozi nyingine ya kutazama. Januari, Haiti, kipimo cha 7.0. Februari, Chile, kipimo cha 8.8, ambayo ni nishati takribani mara 500 zaidi. Chile walikufa watu wapatao 525, baadhi yao kwa tsunami. Haiti hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, lakini makadirio ya chini kabisa ni makumi ya maelfu, na ya serikali yanapita laki mbili. Tetemeko la Haiti lilikuwa karibu mno na mji mkuu, hilo lazima tuliseme. Pamoja na hayo, Haiti hapakuwa na mtu wa kusimamisha ujenzi mbovu, na Chile alikuwepo. Sheria ya Chile humshika yule aliyejenga na kuuza jengo kwa kasoro za muundo kwa miaka kumi. Hata hivyo huko Concepción jengo jipya la Alto Río lililala chini na watu wanane wakafa, na kesi yake ikafika mahakamani.

Wamiliki, nawageukia ninyi. Siku ya kukabidhiwa jengo, ombeni jalada: michoro kama ilivyojengwa, picha za nondo za kila ghorofa zikiwa wazi, vyeti vya nondo, matokeo ya vipande vya zege, na saini za kila hatua ya kusimama. Jalada hilo likiwa halipo, msilipe malipo ya mwisho. Na mkishalipokea, msilisaliti. Mexico City, tarehe 19 Septemba 2017, shule ya Enrique Rébsamen iliporomoka ikaua watoto 19 na watu wazima 7. Juu ya jengo la shule yalikuwa yameongezwa makazi ambayo muundo haukupangiwa. Makaratasi yenye saini yalikuwepo.

Najua wengi mtaniuliza: na majengo yaliyokwisha simama, yasiyo na jalada lolote? Hayo ndiyo mengi, na siwezi kuwaambia yabomolewe yote. Sichuan, China, Mei 2008, zaidi ya wanafunzi 5,000 walikufa, wengi madarasani. Katika shule ya sekondari ya Sangzao hakufa hata mmoja. Mkuu wa shule, Ye Zhiping, alikuwa ameikuta shule ina jengo lililojengwa ovyo. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiomba fedha kidogo kidogo, akanenepesha nguzo, akaimarisha sakafu, akatumia fedha nyingi kuliko gharama ya kulijenga jengo lenyewe, na akawafundisha wanafunzi namna ya kutoka. Siku ile watu wapatao 2,300 walitoka kwa dakika moja na sekunde 36.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa viongozi mlioko hapa ni hili. Anzeni na shule na hospitali za zege, zile zilizojengwa kabla ya ukaguzi wa hatua kwa hatua. Tafuteni michoro yao. Pasipo na michoro, banduweni zege kwenye nguzo mbili tatu za chini, kwa usimamizi wa mhandisi, mpime nafasi ya ringi na mtazame pembe ya ncha zake, kisha mzibe. Orodha ikishapatikana tutajua ni nguzo zipi za kuvishwa koti jipya la zege na nondo mwaka huu, na zipi zinaweza kungoja mwaka ujao. Wahandisi tuliopo hapa tuko tayari kuanza kazi hiyo mara tutakapopewa ruhusa ya kuingia.

Asanteni. Karibuni kwa maswali.